Njiti za Baba Mkubwa

Juzi kijana wa ukoo wetu aliniambia, bila kupepesa macho, kwamba babu yake, baba mkubwa wangu, alirogwa. Hakuwahi kumwona. Nikamketisha.

Duka la baba mkubwa lilikuwa hapa Isevya, Tabora, chini ya mwembe. Mama alisema lilifunguliwa 1967. Leseni iliyobaki inasema 1969. Tuyaache hayo. Kilichonibaki ni harufu: mafuta ya taa, nta, na asali iliyotoka porini kwenye madebe, ingali na moshi wa warinaji. Kusoma hakujua. Madeni aliyahesabu kwa njiti za kiberiti, kila nyumba na kopo lake: njiti nzima shilingi, iliyovunjwa sumni. Tukimwibia njiti za kuchezea, alitikisa kopo tu, akajua.

Kisha akaanza kumwita mama kwa jina la dada yake marehemu. Akadai deni lililokwisha kulipwa. Mtaani wakanong'ona kuwa amerogwa. Nilimpeleka hospitali, akaulizwa tarehe, akapewa kalamu achore saa. Kalamu! Aliikamata kwa ngumi, akanitazama. Wakaandika "uzee", tukarudi nyumbani. Hadi leo inaniuma.

Duka likafungwa. Akapotea mara mbili, akafariki.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa ugonjwa kama wake walianzia kwingine. Matokeo yao ya 2013 yalionyesha kuwa kati ya wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, katika vijiji sita, takriban 6 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu. Kipimo walichokitengeneza baadaye kina zoezi la kupanga njiti za kiberiti kufuata umbo. Niliposoma hapo, nilinyamaza kwa muda mrefu. Tiba ya mazoezi ya akili kwa vikundi, iliyobuniwa Uingereza, wakaigeuza imfae hata asiyejua kusoma: vikao 14 kwa wiki saba. Wazee 34 wakagawanywa kwa kura, baadhi waanze, wengine wangoje zamu. Waliongoja ndio waliolinganishwa na walioanza. Hakuna aliyenyimwa tiba. Uwezo wa akili uliongezeka, wasiwasi ukapungua. Huo ni utafiti wenye adabu.

Baba mkubwa hakurogwa. Aliugua, akapimwa kwa kitu ambacho hakuwahi kukishika.

Nanyi mnaopanga utafiti unaofuata, njooni Tabora pia. Kaeni kwanza na mzee, mjue alihesabu kwa kutumia nini, ndipo mmuulize tarehe.