Chakula cha Watu, Chakula cha Udongo

Nilizaliwa Ujiji, katika nyumba iliyoishi kwa dagaa na mpunga. Baba alinunua dagaa kwa wavuvi akawapakia dagaa hao kwenye treni kwenda Tabora na Dar es Salaam. Mama alilima bonde la Mto Luiche. Kila masika mto ulishuka na maji mekundu, ukatandaza tope jipya bondeni, na mama alishukuru kwa sababu mpunga wake ulistawi. Tope lile lilikuwa shamba la mtu mwingine huko juu. Watu wa juu nilikuja kuwafahamu katikati ya miaka ya 1980, nilipomaliza chuo cha kilimo cha Tumbi, Tabora, nikapangiwa kazi ya ubibi shamba kwenye milima ya kaskazini mwa Kigoma, kati ya Kalinzi na mpaka wa Burundi. Huko nilitumikia mpaka nilipostaafu.

Wazee walinieleza milima ilivyokuwa. Kabla ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kaya ziliishi zimetawanyika, kila moja na migomba yake, na shamba la mahindi likichoka liliachwa miaka kadhaa liote kichaka. Watu walipohamishiwa vijijini, kandokando ya barabara, mashamba ya karibu yakalimwa kila mwaka, ya mbali yakashindikana kufikika. Watoto wakazaliwa, ardhi ikagawanywa. Mwaka 1993 mauaji ya Burundi yakaleta wakimbizi kwa maelfu na maelfu. Mwaka 1996 wakaja wa Kongo. Miti ikakatwa, vichaka vilivyosalia vikalimwa. Habari za kupumzisha shamba zikabaki kuwa simulizi.

Matokeo yake niliyaona kwenye mahindi. Mashina yalikuwa membamba, na majani ya chini yaligeuka manjano kuanzia nchani, umanjano ukipenya katikati ya jani kwa umbo la herufi V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Chuoni tulifundishwa dawa yake: mbolea ya kupandia, kisha ya kukuzia. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na mahindi huipokea kwa siku chache tu. Sijawahi kuidharau mbolea hiyo. Lakini miaka ya 1990 ruzuku ya pembejeo ilipunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaondolewa, na kwa mkulima wa kijiji cha Mkongoro mfuko ule ukawa kitu cha kutazamwa dukani. Nilibaki na maelekezo ambayo watu wangu hawakuwa na uwezo wa kuyafuata.

Ndipo nikaanza kutafuta mikunde. Habari za marejea, mkunde wa kurutubisha udongo, zilikuwa zimeenea nchini tangu miaka ya 1980, zikitoka kwa watawa Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, ambako Padre Gerold Rupper aliieneza kwa juhudi kubwa. Nilipata mbegu kidogo, nikaipanda nyuma ya ofisi ya kata. Ilirefuka kupita kimo changu, ikatoa maua ya manjano, ikaua magugu yote chini yake. Nilipoilaza na kuifukia, mahindi yaliyofuata yalikuwa ya kijani kibichi kilichokolea. Wakulima walikuja, wakashika majani, wakasifu, wakaondoka. Hakuna aliyeomba mbegu.

Mama mmoja wa makamo, mjane mwenye ekari moja na wajukuu, ndiye aliyeniambia sababu. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamwamkia, akanipa kigoda. Akasema, "Mwanangu, nimeona majani yako. Ni mazuri. Lakini shamba langu ni hilo moja. Udongo ukila msimu huu, sisi tutakula lini?"

Swali hilo ndilo lililoniongoza kwa muda wote uliobaki wa utumishi wangu. Marejea yangu ilikuwa imechukua shamba zima kwa msimu mzima, na mwenye ekari moja hana msimu wa kutoa sadaka. Kwa hiyo niliacha kuuliza mmea gani unarutubisha zaidi, nikaanza kuuliza ni wiki zipi shamba la mama yule liko tupu.

Tulikaa tukahesabu miezi. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuishia Mei. Mahindi na maharage hupandwa pamoja mvua zikikolea. Maharage hung'olewa kati ya Januari na Februari, mahindi yakiwa bado yamesimama, na nafasi kati ya mistari hubaki wazi huku mvua zikiendelea. Kwenye udongo mzuri nafasi hiyo hupandwa maharage ya pili, nayo ni fedha. Sikumwambia mtu ayaache. Lakini kule juu, kwenye sehemu iliyochoka, maharage ya pili hayalipi hata mbegu. Hapo ndipo tulipopenyeza mikunde. Mukuna au fiwi vikipandwa kati ya mistari mahindi yakiwa yamekwisha kukomaa kimo, havishindani nayo. Mahindi yakivunwa, mmea tayari umetanda, nao huendelea kuishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Usiipande mukuna mapema mno: ikikuta mahindi madogo huyapanda na kuyaangusha.

Katika mkutano mmoja wa kijiji, kijana mmoja alisimama akauliza swali ambalo kila mtaalamu angepaswa kuulizwa. "Bibi shamba, unasema mikunde inarutubisha. Maharage ni mikunde. Babu zetu wamelima maharage miaka yote. Mbona udongo umechoka?" Sikumjibu mkutanoni. Niliwaomba tutoke wote mpaka shambani, na kila mmoja ang'oe mmea kwa kuuchimbia, asiuvute.

Tuliosha mizizi kwenye ndoo. Kwenye mizizi ya maharage vinundu vilikuwa vichache na vidogo. Kwenye mizizi ya mukuna vilikuwa vikubwa, vimeshikana kwa mafungu. Nikawaambia wapasue kinundu kwa ukucha. Ndani mlikuwa mwekundu kama nyama mbichi. Wekundu huo ni dalili kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi: wanaichukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kinundu cheupe au cha kijani hakifanyi kazi hiyo. Maharage hutengeneza naitrojeni kidogo kuliko ndugu zake wengi, na hiyo kidogo huingia kwenye punje, punje ikaenda sokoni. Kisha mmea mzima hung'olewa na kupelekwa nyumbani kupurwa, na maganda huchomwa uani. Shamba limetoa, halikurudishiwa. Mukuna iliyostawi vizuri inaweza kubeba zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, na yote hubaki palepale, ingawa mahindi hayaipati yote kwa msimu mmoja. Kuanzia siku ile wapo waliorudisha maganda ya maharage shambani bila kusukumwa, kwa kuwa waliona kwa macho yao.

Kuna mradi uliokuja kugawa mbegu za mukuna na kuahidi kununua mbegu zote zitakazovunwa. Watu walipanda hadi pembezoni mwa njia. Mradi ukaisha, mnunuzi hakuonekana, magunia yakabaki stoo. Mbegu hizo haziliwi kama maharage, kwa sababu zina L-dopa, kemikali inayomdhuru mtu asipojua kuiondoa. Aliyekuwa amepanda kwa ajili ya soko aliacha mara moja. Aliyekuwa amepanda kwa sababu palizi yake imepungua aliendelea. Nililitazama jambo hilo kwa uchungu, nikaona uzito wa swali la mjane yule: mmea lazima umlipe mkulima leo, kwa mlo, kwa fedha au kwa kumpunguzia jembe.

Ndiyo maana niliipenda mbaazi kuliko mikunde yote. Hupandwa pamoja na mahindi, hukua polepole bila kuyasumbua, na mahindi yakivunwa ndipo hujitanua. Mizizi yake huzama ndani kuliko ya mahindi, majani yake hupukutika na kufunika ardhi, na kiangazi mtu anakula mbaazi kwa ugali. Adui zake ni wawili, mbuzi na moto. Baada ya mavuno mbuzi wa kila mtu huachiwa watembee, na Julai hadi Septemba milima huchomwa. Hapo elimu ya bibi shamba haitoshi. Palihitajika sheria ndogo za kijiji, na mwenyekiti mwenye ujasiri wa kumtoza faini hata shemeji yake. Palipokuwa na mwenyekiti wa namna hiyo, mbaazi ilisimama. Palipokosekana, tulipanda chakula cha mbuzi.

Mikunde pia ina mipaka yake, nayo niliisema wazi. Haitengenezi fosforasi. Udongo wetu wa milimani una uchachu na fosforasi yake ni haba, hivyo mikunde yenyewe hudumaa isipopata samadi au fosfeti, kama ile ya Minjingu inayochimbwa mkoani Manyara. Mwenye uwezo wa kununua mfuko mmoja wa urea nilimshauri aununue, autie kwenye shamba lililofunikwa. Pale mvua haiusombi, na kila kilo yake inafanya kazi zaidi.

Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ilianza mradi wa TACARE kwenye vijiji vinavyozunguka hifadhi ya Gombe, baada ya yeye mwenyewe kuiona milima kutoka angani ikiwa tupu hadi kwenye mpaka wa hifadhi. Walikuja na miche ya miti, lakini wakawasikiliza wanavijiji kwanza, na kilimo na afya vikaingia kwenye kazi yao. Nilifurahi kuona wengine wamefika palepale kwa njia yao. Miteremko ile huishia ziwani. Mvua ikikuta ardhi isiyofunikwa, tope huteremka hadi ufukweni na kufunika miamba ambako samaki wa Ziwa Tanganyika hutaga na kujilisha. Mkulima wa Mwamgongo anayetandaza fiwi anamtunzia riziki mvuvi wa Kibirizi, hata kama hawajawahi kuonana.

Mavuno ya mjane yule hayakuruka kwa mwaka mmoja. Yalipanda msimu kwa msimu. Kipimo chake mwenyewe hakikuwa gunia. Kilikuwa Januari, mwezi wa njaa, wakati mahindi mapya hayajakomaa na ya zamani yamekwisha. Alinitumia mjukuu wake na mbaazi kwenye kikapu, na ujumbe kwamba Januari ile hakununua unga.

Sasa mkoa umejaa miche mipya ya michikichi, tangu kampeni ya mwaka 2018 na kuanzishwa kwa kituo cha utafiti cha TARI Kihinga. Mchikichi mchanga humkalisha mkulima miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na kati ya mistari yake ardhi iko wazi. Malaysia na Indonesia hufunika nafasi hizo kwa mikunde inayotambaa. Sisi hatuna sababu ya kuziacha zioshwe na mvua. Kwa vijana wanaopewa pikipiki za ugani leo, nina ombi moja. Mkifika kwa mkulima, kabla hamjafungua begi la mbegu, muulizeni anakula nini Januari na shamba lake liko tupu miezi ipi. Mkipata majibu hayo mawili mtajua mkunde gani wa kupanda, na mkulima hatauacha mtakapoondoka.