Soksi za Remmy

Watengenezaji wa filamu za wanamuziki hupenda miaka ya sifa. Iwapo siku moja atatokea wa kumtengenezea Remmy Ongala filamu ndefu, huyo mzaliwa wa Kindu aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1978, namwomba asikimbilie nyimbo za dini za uzeeni mwake. Akae kwanza katika miaka ya kati, ya Super Matimila, pale "Mambo kwa Soksi" ulipokataliwa na Radio Tanzania kwa kuwa ulihimiza kondomu.

Kwetu Mpanda wimbo ule ulifika kwa garimoshi. Mjomba aliuleta katika kaseti kutoka Tabora, akaupiga usiku, sauti chini, nasi watoto tukidhani kweli unahusu viatu. Mama alielewa, alitoka nje bila neno.

Lugha yetu ni hodari kwa kusitiri. Ukimwi wenyewe tuliuita ngoma, tukauita umeme, tukauita miwaya. Soksi nayo ni sitara, wala si tusi. Nadhani kilichowaudhi wakubwa ni kwamba Remmy aliitumia sitara ile ili jambo lieleweke na kila mtu, hadi mpiga debe. (Washairi wa mafumbo wangemwelewa.)

Mjomba alifariki miaka michache baadaye. Msomaji wa wasifu alisema "homa ya muda mrefu", nasi tukainamisha vichwa. Kaseti niliirithi mimi. Utepe umelika, na wimbo hukatika kabla ya kiitikio cha mwisho.