Usiku mmoja Idjwi: wamama walipoeleza hadisi zao

Juma hili nawaletea habari za safari. Si safari ya mbali, ni ya kuvuka maji yetu tu, kutoka Bukavu mpaka kisiwa cha Idjwi. Lakini nimerudi na mzigo ambao sikwenda nao, na ningependa mnisaidie kuubeba.

Tuliondoka siku ya posho asubuhi, mimi na binti yangu wa miaka 14. Yeye hakutaka kuja. Alisema kisiwani hatapata mahali pa kuchajia simu. «Mama, siku mbili tutafanya nini kule?» Nikamjibu: «Tutasikiliza.» Akanyamaza kwa ile namna ya watoto wa umri huo, ambayo ina makelele kuliko maneno.

Boti ya mbao ilijaa kama kawaida: magunia ya unga, bido za mawese, mabati, godoro moja, na kuku waliofungwa miguu. Tulipewa jile za kuelea. Nilimfunga binti yangu ya kwake kwa mikono yangu, nikavuta kamba mpaka akalalamika. Vijana waliokuwa mbele yetu wakacheka, naye akaona haya. Sikujali. Ziwa Kivu ni zuri kulitazama, lakini mahali fulani kina chake kinakaribia mita 500, na mama anayevuka na mtoto hawezi kusahau jambo hilo.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia. Kuume tuliona vilima vya Rwanda, kushoto milima ya upande wetu, na mbele Idjwi ikakua polepole, kijani kutoka majini mpaka juu. Kisiwa hicho ni teritware nzima ya Kivu ya Kusini, chenye sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Watu wa kule wanasema Kihavu, na wengi wanajua pia Kiswahili. Ni inchi ya ndizi, muhogo, kahawa na mananasi. Hayo mananasi tunayoyanunua soko la Bukavu, mengi yanatoka huko. Wakati wa taabu kisiwa kimepokea watu pia: mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda walivuka maji na kukaa kwa wenyeji.

Tuliteremka upande wa kusini. Rafiki yangu wa masomo, aliyeolewa kule, alitungoja ufukoni, na tukapanda mlima kwa mguu karibu saa nzima. Yeye ndiye aliyetualika.

Mnajua jinsi mwezi wa tatu ulivyo kwetu. Tarehe 8 kila kikundi kinatafuta kitenge, kinashona, kinapita mbele ya wakubwa, na kesho yake wengine wanaanza kulipa deni. Wamama wa kikundi cha rafiki yangu walifanya hivyo miaka mingi. Safari hii mmoja wao aliuliza: «Tunapita mbele ya watu kila mwaka, lakini sisi kwa sisi tunajuana?» Wakakubaliana kwamba feza ya kitenge itanunua maharagi, mafuta, sukari na majani ya chai, na watakaa usiku mmoja kuelezana hadisi za umama. Si hotuba. Hadisi.

Kanuni zao zilikuwa chache, nami naziandika kwa sababu ndizo zilizoushika usiku ule. Kila mmoja anaeleza mambo yake mwenyewe, siyo siri ya jirani. Aliye na mwiko mkononi ndiye anayesema, wengine wanasikiliza. Asiyetaka kusema anaupitisha mwiko, na hakuna anayemuuliza sababu. Mtu akimaliza, hakuna kumpa mashauri wala kumhubiria. Na yanayosemwa hapo yanabaki hapo. Haya ninayowaandikia, niliwaomba wenyewe kesho yake, wakakubali bila majina yao kutajwa.

Tulikula fufu, sombe na sambaza. Giza lilipoingia, wakatandika mikeka uani na kuwasha moto. Sisi tuliokulia huku tunakumbuka: mchana ulikuwa wa kazi, na hadisi zilingoja usiku. Koko mmoja akaanza kwa ajili ya watoto wadogo, hadisi ya sungura na chui, ile ambayo kila koko anaigeuza apendavyo. Watoto walicheka, mmoja mmoja wakasinzia, wakabebwa ndani. Wakabaki wamama na watoto wakubwa. Binti yangu aliketi nyuma yangu, simu yake imezimika tangu saa kumi.

Mwiko ulibaki kwa huyo koko. Akaupangusa kwa kitenge chake, akasema sasa ni hadisi ya watu wazima.

Miaka ile, alisema, kahawa ya kisiwani haikuwa na bei. Wanaume waliipakia usiku katika mitumbwi na kuivusha Rwanda, wakarudi na chumvi, sabuni na nguo. Upepo ulipoinuka katikati ya ziwa, wengi hawakurudi. Bwana yake aliondoka na magunia mawili, mtoto wao wa sita akiwa bado mgongoni. Mtumbwi haukuonekana tena.

«Sikuweza kuwaambia watoto,» alisema. «Kila jioni niliweka fufu ya baba yao kando, nikaifunika. Kila asubuhi sahani ilikuwa tupu. Nilijua ni mkubwa wangu anayeamka kuila, naye alijua kwamba ninajua. Hatukusema neno. Halafu siku moja asubuhi nikakuta sahani imejaa. Siku ile tukalia sote wawili, na siku ile nikaanza kuwa mjane.»

Hakuna aliyesema kitu. Moto tu ulikuwa ukilia. Nilitazama duara lile nikaona wamama wengine wawili, watatu, wakiinamisha kichwa. Katika vijiji vya kando ya Kivu wako wajane wengi ambao bwana zao walimezwa na maji kwa sababu ya kahawa. Aliendelea kuikata mikahawa yake, alisema, hata jamaa ya bwana walipotaka kumnyang'anya shamba, na watoto watano kati ya sita walisoma.

Mwiko ukaenda kwa mama kijana, mtoto wake akinyonya. Huyu alijifungua kwa kupasuliwa, hospitali moja ng'ambo ya maji. Alipona, mtoto akapona, lakini karatasi ya malipo ikawashinda. Akazuiliwa. Wengi wetu tunajua neno hilo maana yake nini: unapona lakini hutoki. Kwanza walimwondoa kitandani, akalala chini, kisha akawa anafua nguo za wagonjwa wengine ili apate sabuni. «Munganga alinisalimia vizuri kila asubuhi,» alisema. «Si yeye aliyefunga mlango. Kitovu cha mutoto wangu kilidondokea mule. Nikakifunga katika kipande cha kitenge, nikasema hiki sitakiacha hapa.» Baada ya majuma matatu mlango ulifunguliwa. Katika likelemba ya kikundi ilikuwa zamu ya mwenzake kupokea, naye alikuwa amengoja zamu ile miezi minane ili anunue mbuzi. Akaitoa yote. Kitovu kikazikwa nyumbani, chini ya mgomba.

Mama kijana hakumtaja mwenye zamu. Lakini niliona mwanamke mmoja upande wa pili akijifanya anatafuta kitu chini ya mkeka.

Msifikiri ulikuwa usiku wa machozi tu. Muuza mananasi mmoja alieleza jinsi mwalimu alivyomuuliza mwanawe kazi ya mama yake, naye mtoto akajibu: «Mama hafanyi kazi, anakaa nyumbani.» Kesho yake mama akaketi mbele ya nyumba, akanyoosha miguu. Hakuna maji, hakuna moto, hakuna chakula. Watoto wakiuliza, anajibu: «Leo nami nakaa nyumbani.» Saa sita mtoto akaja na unyenyekevu wote: «Mama, tafazali, rudilia ile hali yako ya kutofanya kazi.» Tulicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Wavulana waliokuwapo walicheka kidogo kuliko sisi.

Ndipo mwiko ukanifikia.

Nilitaka kuupitisha. Mimi ni mgeni, nilijiambia, nimekuja kuandika. Lakini yule koko alinitazama bila kunisukuma, na mdomo wangu ukafunguka. Nikasema kwamba watu wanajua nina watoto watatu, lakini nilizaa wanne. Wa kwanza alikuwa mvulana. Alipokuwa na miezi tisa alishikwa na homa jioni ya mvua. Feza hazikuwapo nyumbani, njia ilikuwa ya matope, na watu wazima waliniambia ningoje. Nikangoja kukuche. Tulifika kituo cha afya asubuhi, naye akafa kabla ya saa sita. Malaria. «Nilingoja kukuche,» nilisema tena, maana ndilo neno nililolibeba miaka 16.

Zamani, nilipompoteza, kila mtu alikuwa na la kuniambia: utazaa wengine, usilie sana, ni mpango. Usiku ule hakuna aliyesema chochote. Koko aliupokea mwiko, akauweka magotini, akasukuma ukuni ndani ya moto. Hivyo tu. Na sijui kueleza vizuri, lakini kunyamaza kule kulinisaidia kuliko maneno yote ya msiba.

Nilikuwa nimesahau nani ameketi nyuma yangu. Binti yangu hakuwahi kusikia habari hiyo.

Tulilala chumba kimoja, mlango wazi kwa sababu ya joto la watu wengi. Chini ziwani zilionekana taa za wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti, na sauti zao wakiimba zilitufikia. Nilidhani amelala. Kisha akasema:

«Mama, ile kofia ndogo katika sanduku, chini ya vitenge…»

«Ndiyo.»

«Nilizani ni yangu. Niliivalishaka mutoto wangu wa kuchezea.»

Sikuweza kujibu. Akauliza: «Aliitwa nani?» Nikamwambia. Jina hilo silitii hapa, ni la nyumbani kwetu. Akalitaja mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza njia. Halafu akauliza tena: «Ni juu ya ile ndio unakosaka usingizi nikiwa na homa?» Nikasema ndiyo. «Mimi nilizani unakuwaka tu mukali,» akasema. Tukabaki tukisikiliza wavuvi.

Siku ya Mungu mchana tukashuka tena ufukoni na mananasi manne na furushi la maharagi. Ndani ya boti binti yangu alijifunga jile mwenyewe. Kisha akageuka, akatazama kamba za yangu, akazivuta.

Wapenzi wamama, kwa nini nimewaandikia haya? Kwa sababu tunaonana kila juma, tunahesabu likelemba, tunajua nani ana deni na nani amelipa, lakini pengine hatujui jirani yetu wa mkeka alipita wapi. Na watoto wetu wanatuona wakali au wachoyo wa maneno, maana hatukuwapa mwanzo wa hadisi. Nilifikiri namkinga binti yangu kwa kunyamaza. Kumbe nilimwacha peke yake na ukali wangu, bila sababu yake.

Usiku kama ule hauombi feza nyingi. Chagueni ua lililo salama, na kama njia zenu si nzuri usiku, fanyeni alasiri. Kila mmoja alete kikombe cha maharagi. Shikeni zile kanuni, hasa ya kutotoa mashauri, maana ndiyo ngumu kuliko zote. Msimlazimishe mtu. Katika inchi yetu wako wamama wanaobeba mambo ya vita na jeuri ambayo hayawezi kuwekwa tu katikati ya moto. Kabla ya kuanza, jueni katika kituo cha afya au katika kikundi ni nani amefundishwa kusindikiza watu wa namna hiyo, na mumwombe awe karibu.

Neno la mwisho ni la mtoto wangu wa kwanza, nami nalisema kwa ajili ya wa kwenu. Mtoto mdogo akishikwa na homa, msingoje kukuche. Semeni na majirani mapema, mkiwa wazima wote, nani atatoa moto au pikipiki usiku, na feza ya haraka ya kikundi inawekwa wapi. Ulizeni jambo hilo katika mkutano wenu wa juma hili, kabla ya kugawa likelemba.

Kaeni na amani.