Tulivyomfuata binti yetu hadi ukumbi wa kompyuta, Kijitonyama

Basi liondokalo Tanga alfajiri hupita Muheza, Segera na Mkata, huvuka Mto Wami, kisha huingia Chalinze na kuwateremsha abiria wake Mbezi, katika kituo kikuu cha Magufuli. Wengi wa abiria hao huenda Kariakoo kufuata bidhaa au Muhimbili kufuata matibabu. Sisi watatu, yaani katibu na mhazini wa kamati ya msikiti pamoja na mama mmoja muuza vitumbua wa mtaa wetu, tulikuwa tunakwenda Kijitonyama kutazama watu wakiandika programu za kompyuta.

Kilichotutoa nyumbani ni maneno ya watu. Binti wa mama huyo, aliyekuwa akifundisha watoto katika madrasa yetu kabla ya kujiunga na chuo kikuu, alipeleka habari nyumbani kwamba Jumamosi nzima atakuwa ukumbini akishindana. Jamaa wakauliza: anashindana nini, na nani, na ni ukumbi gani huo ambao mtoto wa kike huingia asubuhi akatoka alasiri? Mama hakuwa na jibu. Akatujia baada ya swala ya Ijumaa akasema, "Ustadhi, mimi huko sikujui. Twendeni mkaone kwa macho yenu, na mimi nione kwa yangu."

Kijitonyama, kwenye kituo cha daladala kiitwacho Sayansi, kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ndipo zilipo ofisi za Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayofundisha teknolojia ya habari nayo iko Kijitonyama. Asiyejua atapita hapo akidhani ni mtaa kama mingine: mama lishe, bodaboda, vijana wanaouza vocha. Ukumbi wa shindano ulikuwa maeneo hayo hayo, mpana, wenye viyoyozi vilivyomfanya mama ajifunike kanga ya pili. Watazamaji tuliwekwa nyuma ya kioo, tuone tusisikie.

Taratibu za shindano zilifuata zile za shindano la kimataifa la vyuo vikuu lijulikanalo kwa herufi ICPC, ambalo asili yake ni chuo cha Texas A&M, Marekani, mwaka 1970. Kila timu ina watu watatu na kompyuta moja tu. Hupewa saa tano na karatasi ya maswali. Jibu hutumwa kwenye mtambo unaolipima kwa mifano ya siri, nao hurudisha hukumu kwa muda mfupi: limekubaliwa au limekataliwa. Swali likikubaliwa, timu hufungiwa puto la rangi ya swali hilo mezani pake. Swali lililokubaliwa huongezewa adhabu ya dakika 20 kwa kila jibu lake lililokataliwa kabla. Saa ya mwisho ubao wa matokeo husimamishwa, ili asijue mtu yuko wapi mpaka mwisho.

Jambo moja lilitupendeza kuliko yote. Mtambo ule haujui jina la mtu, wala mkoa wake, wala amevaa baibui au suruali. Tumehudhuria usaili wa kazi mwingi ambao hauna uadilifu huo.

Shindano lilianza saa 4 asubuhi na kwisha saa 9 alasiri, na Adhuhuri iliangukia katikati. Hilo ndilo lililokuwa likimtia mama wasiwasi tangu Segera. Binti alikuwa amekwisha kulimaliza kabla hatujafika. Aliwaomba waandaaji chumba kidogo, wakampa bila ubishi. Isitoshe, alitueleza baadaye, kompyuta ni moja na mikono inayoandika ni ya mmoja, hivyo wengine wawili hufikiri tu kwa kalamu na karatasi. Mwenye kutoka dakika 10 kuswali haipunguzii timu yake kitu. Wenzake wawili, binti wa Mwanza na binti wa Moshi ambaye ni Mkristo, ndio waliokuwa wakimkumbusha wakati. Aliporudi kutoka kuswali alikuwa na njia ya swali la nne. Mhazini alipomuuliza kama aliipata ndani ya swala, alicheka, akasema aliipata baada ya salamu.

Swali la tano liliwashinda, na lafaa kuelezwa, kwa kuwa wazazi wengi hudhani kazi hii ni kukariri lugha ya mashine. Jibu lao lilikuwa sahihi. Lilikataliwa kwa sababu lilichukua muda mrefu. Chukua daftari la wachangiaji wa mazishi lenye majina 1,000 yaliyopangwa kwa alifabeti. Ukitafuta jina kwa kusoma tangu la kwanza, huenda ukasoma yote 1,000. Ukifungua katikati, ukatazama jina liko nusu ipi, ukaiacha nusu nyingine na kufungua tena katikati, utalifikia kwa kufungua mara 10 tu. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila moja linakula siku nzima. Kuchagua njia ndiyo elimu yenyewe, na jina la elimu hiyo katika lugha za Ulaya, algorithm, limetoka kwa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Wakamaliza na maputo manne, katikati ya orodha. Washindi wa mashindano ya namna hii husonga mbele ngazi kwa ngazi hadi fainali za dunia, ambazo mwaka 2022 zilifanyika Dhaka, Bangladesh, na mwaka 2024 Luxor, Misri. Mama hakujali orodha. Alilibeba puto moja la kijani hadi kwa dada yake Temeke, akalikalisha mapajani ndani ya daladala.

Mhazini alirudi Tanga. Sisi tulibaki kwa rafiki tuliyesoma naye chuo, maana Jumatatu kulikuwa na kongamano la teknolojia katika hoteli moja jijini, na binti alikuwa amepewa meza ya kuonyesha kazi yake. Hotuba za kongamano hatutazieleza. Zilikuwa ndefu, na neno "ubunifu" lilitajwa kuliko lilivyoonekana. Lakini meza ya binti tuliisimamia kwa saa nzima. Ameandika programu ya kugawa mirathi. Inafaa kukumbusha kwamba kitabu cha al-Khwarizmi cha aljebra kina sehemu kubwa inayohusu wasia na mirathi. Tulimjaribu kwa mgawo wa aul: mwanamke amekufa, ameacha mume, mama na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume nusu, dada theluthi mbili, mama sudusi; mafungu 3, 4 na 1 katika 6, jumla 8. Programu ikapandisha asili kutoka 6 hadi 8 bila kusita, ikampa mume 3 katika 8. Walimu wetu waliotuchapa kwa mgawo huo wangefurahi.

Meza iliyotazamana na yake ilikuwa ya kampuni ya kubashiri matokeo ya michezo. Kijana nadhifu akavuka, akaona jinsi alivyoshika hesabu za mafungu, akampa kadi: kazi ya mafunzo ya miezi mitatu, kwa malipo ya mwezi yanayozidi faida ya vitumbua ya nusu mwaka. Mkopo wa Bodi haumtoshelezi binti huyu, na ada ya muhula ilikuwa inadaiwa.

Mama akatuvuta pembeni. "Ustadhi, si ataandika tu? Hachezi, hachezeshi mtu."

Tulimweleza kwamba katika biashara ile programu ndiyo duka lenyewe, na kwamba aya za kamari katika Suratul Maida anazijua kama tunavyozijua. Tulisema hivyo tukijua ni wepesi kwetu, tusiodaiwa ada. Binti ndiye aliyemaliza mazungumzo. "Mama, wakinilipa mimi, wao wamelipwa na nani?" Mama akanyamaza. Mwanawe mkubwa amekwisha kuuza simu mbili na baiskeli kwa ajili ya mikeka. Kadi ikarudishwa.

Kamati ilikutana Ijumaa iliyofuata. Wapo waliotaka ada ilipwe katika mfuko wa msikiti. Mzee wetu mmoja akakataa, kwa kuwa fedha zile zilitolewa kwa ajili ya paa na kisima, na nia ya mtoaji haibadilishwi na kikao. Tunaona alisema haki. Ndoo nyingine ikawekwa mlangoni, na mwenye duka la simu wa barabara ya tatu amempa binti kazi ya likizo, kumtengenezea programu ya hesabu za bidhaa zake, kwa malipo ya nusu kabla. Hadi tunaandika haya zimepatikana shilingi 340,000 kati ya 600,000. Stakabadhi ziko kwa mhazini, naye hupatikana msikitini kila siku baina ya Magharibi na Isha.