Ngazi, Brashi na Msimu wa Korosho

Mjomba alinifundisha kazi ya rangi bila kumwuliza baba. Kwetu Wamwera neno la mjomba halihitaji ruhusa.

Yeye alijifunza kazi hiyo Dar es Salaam, kwa vijana waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga. Mtoto huyo wa Tunduru alianza kuchora mwaka 1968 na akafa mwaka 1972. Miaka minne, na bado mtindo una jina lake. Watu huuita sanaa ya mjini, nami sikubaliani nao. Wengi wa waliomfuata walikuwa ndugu na majirani wa huku kusini waliokwenda kutafuta kibarua. Walitumia rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya bodi. Rangi ya namna hiyo ni nzito na inang'aa. Ukiweka nyekundu juu ya nyeupe iliyo mbichi, zote mbili zinachafuka. Hivyo unasubiri ikauke, unaendelea na nyingine, na kila umbo linabaki na mpaka wake.

Mjomba aliporudi kwetu Naipingo, Nachingwea, na tembo wake wa madoadoa, hakupata mnunuzi. Huku tembo tunamjua. Nani atatoa pesa kumtundika ukutani mnyama aliyemlia muhogo wake? Akageukia mabango, nami nikamshikia ngazi hadi siku aliponiambia, "Panda wewe, mwanangu, magoti yangu yamechoka."

Kupanda ndiko kulikoleta maneno. Nilivaa suruali chini ya kanga, na wazee wa kijiweni wakaona wamepata mada ya wiki nzima. Baadaye mwalimu mmoja alinisimulia habari za Rosa Bonheur, mchoraji wa Kifaransa wa karne ya 19 aliyehamia kijijini karibu na msitu wa Fontainebleau. Ili aingie minadani kuchora farasi na ng'ombe, aliomba polisi kibali cha kuvaa suruali, na kilipoisha muda alilazimika kukiomba upya. Nilicheka sana. Mimi nilisemwa tu, kibali sikuombwa.

Kazi yangu hufuata korosho. Mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara mwaka 2007, ukafika na kwetu, na vyama vya msingi vikahitaji majina makubwa kwenye maghala. Minada ikianza, mwenye duka anapata pesa, anataka ukuta mpya: soda, simu, kichwa cha kinyozi chenye nywele zilizochongwa. Kuanzia Machi nalima. Shule huniita kuchora ramani ya Tanzania na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na hizo ndizo kazi ninazozipenda, kwa kuwa watoto husimama nyuma yangu wakinisahihisha. Ziwa Rukwa nimelipanua kwa shinikizo lao.

Halafu fleksi zikaja kutoka mjini: picha imechapishwa, unaifunga kwa kamba, kwa bei iliyo chini ya yangu. Wateja wakakimbia. Lakini jua la Nachingwea halina adabu. Msimu wa pili kinyozi kwenye bango amekuwa wa samawati na uso umepasuka. Sasa wanarudi mmoja mmoja, wakiniita dada kwa sauti ya upole. Napokea kazi, na bei nimeipandisha.