Beti za Baba Mdogo Katika Kompyuta

Marehemu baba yangu mdogo aliniachia daftari la mashairi aliyoyaandika kwa mkono wake. Karatasi zake zimeanza kuliwa na unyevu, nami sikupenda beti zife pamoja na karatasi. Kwa hiyo, mimi mwenye shahada ya uzamivu nilikwenda kuketi mwanafunzi mbele ya kijana mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, ambaye chumba chake cha kazi kimeegemea jabali kama nyumba nyingi za vilima vile, anifundishe lugha ya alama iitwayo HTML.

Lugha hiyo ilibuniwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, na ilitangazwa mwaka 1991. Sarufi yake ni nyepesi. Neno litakiwalo kuwa na wino mzito hutanguliwa na herufi b ndani ya mabano ya pembe, na hufuatwa na b nyingine iliyotanguliwa na mkwaju. Herufi i hulaza maneno. P huanza aya. Afunguaye b asiifunge, wino mzito humwagika katika maneno yafuatayo.

“Sasa andika ubeti, Mwalimu,” kijana aliniambia.

Niliandika mishororo minne ya mizani 16, nikiacha nafasi pana kati ya ukwapi na utao kama alivyofanya mtungaji. Kivinjari kilipoufungua, ubeti ulikuwa umegeuka nathari tupu. Kijana alicheka, maana alikusudia nilione jambo hilo. Kivinjari huhesabu nafasi kumi, au mwisho wa mstari, kuwa nafasi moja tu. Mizani haikupungua hata moja, lakini jicho halikuviona tena vina vya kati wala vya mwisho. Dawa ni br kila mwisho wa mshororo, alama isiyohitaji kufungwa. Au pre, ambayo huhifadhi nafasi zote kama zilivyo. Nilichagua pre.

Kuna pia em, alama ya mkazo. Mwingereza hukaza neno kwa sauti, na akiandika hulilaza. Sisi husema “yeye ndiye aliyekuja”, na mkazo umekwisha kukaa ndani ya usemi. Katika daftari zima sikuona mahali pa kuiweka em hata moja.

Tulishindana juu ya i. Baba mdogo alichanganya Kisukuma katika Kiswahili chake, na kijana, kwa kufuata kanuni kwamba maneno ya lugha nyingine yaweza kulazwa, alitaka kuyalaza yote.

“Mwanangu,” nilimwambia, “neno ng'wana lina ugeni gani Mwanza?”

Alinyamaza kidogo. Nilihofu kwamba msomaji wa mbali, akiliona neno limelala, angemdhania mtungaji aliazima kwa jirani, hali alikuwa akisema nyumbani kwake. Lakini kijana naye alikuwa na hoja: mashine isipoambiwa, itadhani neno ni Kiswahili kilichokosewa. Ndipo aliponionyesha sifa iitwayo lang. Ukurasa hupewa sw, na neno la Kisukuma, likizungushiwa alama ya span, hupewa suk. Mashine hujua lugha yake, na kwa macho neno husimama wima kama wenzake.

Tumekwisha kuandika mashairi 9. La kumi lina maneno ya Kisukuma katika kila ubeti, na kijana ameomba tulifanye Jumamosi, asubuhi, kabla wateja hawajafika.