"Huyu Bado": Maneno Mawili Yaliyoshusha Mkono wa Dogo

Kuna dada mmoja wa Tabata, mwezi uliopita aliomba ruhusa kazini akaibuka chekechea kwa mwanawe bila taarifa. Kisa? Dogo ana miaka 5, nyumbani anaongea kama redio, ila ripoti ya shule inasema "hashiriki darasani."

Alikuta watoto wamekaa duara kwenye mkeka, mwalimu anauliza siku za wiki. Mikono juu: "Mimi tichaa! Mimi!" Wakawa wanachaguliwa walewale watatu wa mbele. Wakikwama, mwalimu anasubiri, anawaanzishia jibu. Wakipata, darasa zima linawapigia makofi.

Dogo naye alikuwa amenyoosha muda wote. Zamu yake ilipofika, akasita kidogo tu. "Huyu bado," mwalimu akasema, tena kwa upole kabisa, akahamia kwa mwingine. Mkono ukashuka. Swali lililofuata hakunyoosha tena, akabaki anachezea nyuzi za mkeka.

Mambo haya hayajaanzia Tabata. Mwaka 1968 huko Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti wao: walimu waliambiwa watoto fulani watachanua kimasomo, kumbe majina yaliokotwa tu kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka, watoto hao waliwapita wenzao, hasa wale wa madarasa ya chini kabisa. Wataalamu wamebishana sana kuhusu utafiti huo, lakini mzazi yeyote anajua: mtoto husoma uso wa mwalimu kabla hajajua kusoma a, e, i, o, u.

Jioni ile dogo akapanga viatu sebuleni, akajifanya tichaa. Akauliza siku za wiki, akazitaja zote 7 bila kukosea. Kisha akakigeukia kiatu chake mwenyewe, kilichokuwa nyuma kabisa: "Wewe bado."

Mama alilia jikoni, kimyakimya.

Kesho yake hakwenda shuleni kugomba. Mwalimu yule ana watoto 38 peke yake, na hakujua kama neno lake limeshika kiasi kile. Alimwomba kitu kimoja tu: "Mwalimu, akisita, naomba umsubiri kidogo."

Ijumaa dogo alirudi mbio, begi linaburuzika. "Mama! Leo nimepigiwa makofi!"

Wewe je, mwalimu wako wa chekechea alikuwa anakuitaje? Na bado unajiita hivyo? Tiririka hapo chini.